Ukuta wa Boma Haumlindi Mtoto wa Ndani

Mwulize mwenye nyumba yeyote wa Bombolulu aliyechimba bwawa la kuogelea uani kama bwawa lake ni salama, naye atakuonyesha ukuta. Utakuwa ukuta mzuri wa mawe ya matimbo, unaompita mtu mzima kwa urefu, juu yake pana vipande vya chupa au nyaya za umeme, na langoni kuna bawabu anayeandika majina ya wageni. "Hapa mtoto wa mtu haingii," atakwambia. Anasema kweli, na hatari iko hapo hapo. Mtoto mdogo anayekufa maji katika bwawa la nyumbani kwa kawaida hakutoka nje. Ni mtoto wa nyumba ile ile, au mjukuu aliyeletwa likizo, au wa mpangaji wa ghorofa ya pili, au wa dada wa kazi. Ukuta ule ulijengwa kumzuia mwizi. Kati ya mlango wa jikoni na maji hakuna kitu.

Kazi yangu ni kukagua majengo, na upande huu wa Nyali na Kisauni nimeona mabwawa yakiongezeka kuliko maarifa ya kukaa nayo. Bombolulu ilijulikana kwa karakana za watu wenye ulemavu zilizoanzishwa 1969, kwa nyumba za kupanga za vyumba sita na choo kimoja, na kwa wanawake wanaouza viazi karai jioni kando ya barabara ya Malindi. Hayo yote bado yapo. Lakini viwanja vya nyuma vinabadilika. Panapobomolewa nyumba ya Kiswahili panainuka ghorofa, na mwenye ghorofa anajua kwamba picha ya maji ya buluu kwenye simu humletea mpangaji wa bei ya juu, na mgeni wa wikendi kutoka Nairobi. Bwawa limekuwa sehemu ya biashara ya nyumba. Ulinzi wake haujawa.

Nieleze jinsi inavyotokea, maana wengi wanadhani mtoto anayezama hupiga kelele. Hapigi. Mtoto wa miaka miwili akitumbukia, maji huziba koo kabla sauti haijatoka, na mikono yake husukuma maji chini badala ya kupunga. Hufa kimya, hatua chache kutoka kwa watu wanaompenda. Mara nyingi si saa ya kuogelea hata kidogo. Ni saa ya kupika, au ya swala, au alasiri ya sikukuu nyumba ikiwa imejaa, kila mkubwa akidhani yuko na mwenzake. Wageni wengi si walinzi wengi, kwa sababu kila mmoja humwachia mwingine. Ubongo uliokosa hewa huanza kuharibika ndani ya dakika nne hadi sita. Huo ni muda wa kupokea simu na kumjulia mtu hali.

Baadaye, matangani, utasikia mtu akisema ajali haina kinga. Msemo huo unafariji, nami sitamnyang'anya mzazi aliyefiwa faraja yake. Lakini kwa jambo hili hauna ukweli, na nimechoka kuusikia ukitumiwa na watu ambao hawajafiwa, wenye bwawa lililo wazi na fedha za kuliziba. Wale wanaotaja kudra wanajua pia mafundisho ya kumfunga ngamia kwanza, ndipo utawakali. Na kinga hii imepimwa. Mwaka 1998 watafiti Thompson na Rivara walikusanya tafiti zilizolinganisha mabwawa yenye uzio na yasiyo nao. Uwezekano wa mtoto kuzama au kunusurika kuzama katika bwawa lenye uzio ulikuwa pungufu kwa karibu robo tatu. Tena walipolinganisha aina mbili za uzio, ule unaozunguka kiwanja kizima, nyumba na bwawa pamoja, ulishindwa vibaya na ule unaozunguka bwawa peke yake pande zote nne. Ukuta wetu wa Bombolulu, pamoja na chupa zake na bawabu wake, ni wa aina ile iliyoshindwa.

Uzio wa pande nne maana yake ni kwamba ukitoka jikoni, au sebuleni, au chumba chochote cha nyumba, unakutana na lango kabla ya kukutana na maji. Ukuta wa nyumba usihesabiwe kuwa upande wa nne ikiwa una mlango. Vipimo vinavyotumika Australia na Afrika Kusini vinafanana, na fundi yeyote wa hapa anaviweza: urefu usiopungua mita 1.2, nafasi kati ya chuma na chuma isiyopitisha mpira wa sentimita 10, kwa sababu panapopita kichwa mtoto mzima hupita, na chini pasiwe na mwanya wa kutambaa. Vyuma visimame wima. Vile vya kulala, ambavyo mafundi wetu huvipenda kwa urembo, mtoto huvigeuza ngazi. Lango lifunguke kuelekea nje, mbali na maji, lijirudishe lenyewe na kujikomea lenyewe, na komeo liwe juu, mita moja na nusu hivi kutoka chini. Viti vya plastiki, vyungu vya maua na pipa la klorini visikae karibu na uzio.

Wengi huishia hapo wakadhani kazi imekwisha. Kwetu pwani haijakwisha, kwa sababu ya chumvi. Upepo wa kusi huleta chumvi mpaka ndani ya kabati la nguo, sembuse bawaba ya lango lililo juu ya maji yenye klorini. Bawaba ya chuma cha kawaida hukwama kwa kutu, springi hulegea, na lango lililokuwa likijifunga Januari linabaki wazi nusu kufikia masika. Halafu mtu huliegemeza jiwe ili asisumbuke. Nimekuta mawe hayo nyumba nyingi kiasi kwamba sasa ni kitu cha kwanza ninachotafuta. Ukinunua chuma kisichoshika kutu, mwambie muuzaji unataka ile daraja inayoitwa 316. Ya 304 ni rahisi lakini hewa ya bahari huitoboa vidoa ukiwa bado unaisifu. Mbao ngumu iliyotiwa mafuta nayo hufaa, mradi bawaba ziwe za daraja hiyo hiyo. Kisha kila mwezi lifungue lango sentimita tano, uliachie, uone kama linafika na kukoma bila kusaidiwa. Lisipofika, bwawa halina uzio.

Nitaambiwa kwamba Afrika watoto hawafi zaidi kwenye mabwawa ya matajiri. Ni kweli. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa watu 300,000 walikufa maji mwaka 2021, asilimia 92 yao katika nchi za kipato cha chini na cha kati, na karibu robo ya wote walikuwa watoto chini ya miaka mitano. Wengi wa hao huchukuliwa na mito, maziwa, visima, madimbwi na mapipa. Hapa kwetu Kisauni kuna matimbo ya zamani yanayojaa mvua ikinyesha, kuna mashimo ya vyoo yaliyofunikwa kwa bati, na kuna hori la Tudor. Kila moja linastahili safu yake. Lakini bwawa la nyumbani lina jambo moja ambalo mto hauna: lina mwenyewe. Lina namba ya kiwanja, lilichorwa kwenye ramani au lilipaswa kuchorwa, lilijengwa kwa fedha za mtu aliye hai na mwenye simu. Dawa yake inajulikana na bei yake ni sehemu ndogo ya gharama ya bwawa lenyewe. Kifo kinachotokea pale ndicho rahisi kuliko vyote kukizuia, na kwa hiyo ndicho kigumu kuliko vyote kukitolea udhuru.

Wazee wetu walikaa na maji ndani ya nyumba muda mrefu kabla ya bwawa la vigae vya buluu. Magofu ya Gedi yana visima na mabirika tele, na kisima cha uani mara nyingi kilijengewa ukingo. Hawakungoja kuamrishwa na serikali.

Sisi tuna serikali, basi tuangalie imetuandikia nini. Kenya haina sheria ya Bunge iliyotungwa kwa ajili ya mabwawa ya kuogelea peke yake. Zipo sheria kadhaa, kila moja imeshika ncha moja ya jambo hili. Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi ya 2019 inamtaka mtu apate idhini ya kaunti kabla ya kuendeleza kiwanja chake, na anayeanza bila idhini anaweza kutozwa faini isiyozidi shilingi 500,000 au kufungwa kifungo kisichozidi miezi miwili, au vyote viwili. Bwawa ni ujenzi. Hata kama nyumba ilipitishwa zamani, bwawa lililochimbwa mwaka jana lilihitaji ramani yake, na hapa ndipo wengi wa Bombolulu wamekosa: walileta mashine, wakachimba, wakaita fundi wa vigae. Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi inasajili miradi na makandarasi. Kanuni za Kitaifa za Ujenzi za 2024 zilichukua mahali pa zile za 1968, na mchoraji wa ramani anapaswa kuzifuata hizo mpya. Anayechimba kisima cha mashine ili kulijaza bwawa anahitaji idhini ya Mamlaka ya Rasilimali za Maji chini ya Sheria ya Maji ya 2016. Anayefunga pampu na taa anapaswa kuwa fundi mwenye leseni ya EPRA, mamlaka inayosimamia nishati na petroli. Bwawa likitelekezwa likaota kijani na kuzalisha mbu, Sheria ya Afya ya Umma, Sura ya 242, inalihesabu kuwa kero, na afisa wa afya anaweza kumwamuru mwenye mahali aliondoe.

Ipo moja ambayo wenye nyumba wachache wameisikia, nayo ndiyo yenye meno kuliko zote: Sheria ya Dhima ya Wakaliaji, Sura ya 34. Inamtwika anayeshika mahali wajibu wa kuhakikisha, kwa kiasi kinachofaa, kwamba mgeni wake yuko salama kwa lile alilokuja kulifanya. Na inasema wazi kwamba mwenye mahali ajiandae kwa watoto kuwa wazembe kuliko watu wazima. Lile bango la "Unaogelea kwa hatari yako mwenyewe" halimwoshi mtu moja kwa moja. Onyo humkinga mwenye mahali pale tu linapotosha kumweka mgeni salama, na mtoto wa miaka minne hasomi bango. Mwanasheria wa familia iliyofiwa atauliza swali moja: lango lilikuwa wapi?

Tazama basi jinsi sheria hizi zilivyokaa. Za mwanzo zinaliona bwawa likiwa mchoro. Ya mwisho inaliona likiwa limeshaua. Katikati, katika miaka ishirini au thelathini ambayo bwawa linakaa limejaa maji na lango linakula chumvi, hakuna anayelitazama. Kaunti ya Mombasa ikitaka leo kujua ndani ya wadi ya Ziwa la Ng'ombe kuna mabwawa mangapi, itahitaji picha za angani. Hicho ndicho ninachokililia: daftari.

Wengine wamelifungua daftari hilo. Jimbo la New South Wales, Australia, lina sheria ya mabwawa tangu 1992, na mwaka 2013 likawataka wenye mabwawa wote kuyasajili. Mwenyewe hujaza fomu, hujikagua kwa orodha iliyotolewa, na kutamka kwamba bwawa lake limetimiza masharti. Tangu 2016, anayeuza au kupangisha nyumba yenye bwawa hulazimika kuambatanisha hati ya ukaguzi na mkataba. Jimbo la Victoria lilifuata na usajili wake Desemba 2019. Ufaransa ilikwenda njia nyingine: sheria ya Januari 2003 humtaka mwenye bwawa la nyumbani lililochimbwa achague kimoja kati ya vinne, uzio, king'ora, turubai la kufunika au paa la kulifungia, na asiyetii anaweza kutozwa hadi yuro 45,000. Mimi siungi mkono uhuru huo wa kuchagua. King'ora hulia baada ya mtoto kuwa majini, kinahitaji betri, na kinahitaji mtu aliye karibu. Turubai linahitaji mtu akumbuke kulirudisha kila anapotoka. Lango linalojifunga halihitaji kumbukumbu ya mtu.

La New South Wales tunaweza kulichukua kwa kipimo chetu, hasa jambo moja ambalo kwao ni la kawaida na kwetu lingekuwa mapinduzi: halmashauri zao hulazimika kukagua angalau kila baada ya miaka mitatu mabwawa ya nyumba za wageni na ya majengo yenye familia zaidi ya mbili. Hizo ndizo nyumba za Bombolulu. Bwawa la mtu mmoja na familia yake linaweza kungoja. La ghorofa yenye wapangaji kumi na sita, watoto hawajulikani idadi na msimamizi anabadilika kila mwaka, lisingoje. Katika ghorofa zilizouzwa nyumba moja moja, sheria ya 2020 kuhusu umiliki wa aina hiyo inaliweka jukumu la sehemu za pamoja kwa shirika la wenye nyumba, na bwawa ni sehemu ya pamoja. Mwulize mwenyekiti wa shirika lenu ni nani mwenye funguo za lango la bwawa usiku. Kama jibu ni "mlinzi", uliza mlinzi akienda kuswali au kununua chai funguo anamwachia nani.

Nyumba za wageni wa siku mbili tatu zina hatari ya peke yake. Mgeni wa Airbnb anafika saa mbili usiku amechoka, watoto wamelala garini njia nzima kutoka Mtito Andei na sasa wako macho kuliko wazazi. Hawaijui nyumba. Hakuna anayejua mlango upi unatokea wapi. Sheria ya Utalii ya 2011 inazihesabu nyumba za namna hii kuwa biashara inayohitaji leseni ya Mamlaka ya Kudhibiti Utalii. Leseni hiyo inafanywa upya kila mwaka. Ni rahisi kuifunga kwenye sharti la uzio. Hakuna mtu mpya wa kuajiriwa, hakuna ofisi mpya ya kufunguliwa.

Najua pingamizi kubwa, na silipuuzi, kwa kuwa nimeliona likitendeka. Mtu atasema: mkiwapa watu wa kaunti daftari la mabwawa, mmewapa orodha ya malango ya kubisha wakitafuta chai. Kwa hiyo daftari liandikwe kwa namna inayowanyima mwanya. Usajili uwe bure, kwa sababu ada ndiyo inayowafanya watu wajifiche. Masharti yawe ukurasa mmoja wa Kiswahili, yenye vipimo vya kupimwa kwa futi kamba mbele ya mwenye nyumba, bila neno lolote kama "ya kuridhisha" linalomwachia mkaguzi kuamua atakavyo. Anayekutwa na kasoro apewe siku 60 za kurekebisha kabla ya faini yoyote. Hati ibandikwe langoni, mpangaji aione na mgeni aione. Mkaguzi hawezi kuuza kile ambacho kila mtu anaweza kukipima mwenyewe.

Kaunti inayo mamlaka. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 linaipa mipango na maendeleo ya kaunti, huduma za afya za kaunti na huduma za maji. Bunge la Kaunti linaweza kutunga sheria juu ya hayo bila kungoja Nairobi. Fomu ya usajili iende pamoja na malipo ya kodi ya ardhi ya kila mwaka, ambayo tayari yana namba ya kiwanja na jina la mwenyewe.

Fomu hiyo iulize pia mambo ambayo uzio hauyatatui. La kwanza ni tundu la kufyonza maji lililo sakafuni mwa bwawa. Tundu lenye upana wa sentimita 20, pampu ikivuta kwa nusu ya kanieneo ya hewa, humshika aliyeliziba kwa mwili wake kwa nguvu inayozidi uzito wa kilo 150. Mtu mzima hajinasui, sembuse mtoto. Mwaka 2002 huko Marekani, Virginia Graeme Baker, msichana wa miaka saba, mjukuu wa aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Nje James Baker, alinaswa namna hiyo kwenye bwawa dogo la maji moto. Mama yake alimvuta akashindwa. Marekani ilipitisha sheria kwa jina lake mwaka 2007. Dawa ni matundu mawili yaliyo mbali mbali yanayovutwa na pampu moja, ili likizibwa moja jingine liendelee kuvuta maji, pamoja na kifuniko kilichobinuka ambacho mwili hauwezi kukiziba. Mabwawa mengi ya mafundi wetu yana tundu moja na kifuniko bapa, na skrubu mbili kati ya nne zimeshaliwa na kutu. Kifuniko kikivunjika, zima pampu siku hiyo hiyo, usimruhusu mtu kuingia.

La pili ni rangi ya maji. Mfereji wa Mombasa hauaminiki, kwa hiyo wengi hujaza kwa kisima cha maji ya chumvi au kwa boza. Bwawa la mita 8 kwa 4, kina cha wastani mita 1.4, linameza lita karibu 45,000, yaani mitungi 2,250 ya lita 20, na jua la Bombolulu huiba mitungi kama minane kila siku. Gharama ikimchosha mwenyewe, anaacha kulitibu na maji yanaota kijani. Hatari kubwa ya ukijani ni kwamba aliyezama haonekani. Ukisimama ukingoni na usione tundu la chini kwenye kina kirefu, bwawa lifungwe. Klorini ikae kati ya miligramu 1 na 3 kwa lita, na tindikali ya kurekebisha maji isiwekwe rafu moja na klorini wala isichanganywe nayo ndooni, kwa kuwa gesi inayotoka huchoma mapafu.

Juu ya umeme nitasema machache: pampu na taa zilindwe na kifaa kinachokata umeme ukivuja miliampea 30, na taa za ndani ya maji ziwe za volti 12. Na kwa wale wanaopandisha bwawa juu ya paa la ghorofa ambayo haikuchorewa bwawa: maji ya kina cha mita 1.4 yana uzito wa kilo 1,400 kwa kila mita ya mraba, huku sakafu ya kawaida ya nyumba ikikadiriwa kubeba 150. Mwite mhandisi kabla ya fundi wa vigae.

Pamoja na yote haya, kila aliye na bwawa ajue kufufua. Mtoto akitolewa majini hapumui, usimning'inize kichwa chini, usimkande tumbo kutoa maji. Hayo huteketeza dakika na kumfanya atapike yakaingie mapafuni. Mlaze chali, inua kidevu, mpulizie pumzi tano, kisha bonyeza kifua mara 30 na pumzi mbili, uendelee hivyo bila kukata, mwingine akipiga 999 au 112, au Msalaba Mwekundu kwa 1199. Gari lisubiriwe huku mikono inafanya kazi. Kutoka Bombolulu hadi Hospitali Kuu ya Pwani ni lazima uvuke daraja la Nyali, na kila mkazi anajua daraja hilo saa kumi na mbili jioni lilivyo. Ukimpakia mtoto garini bila kumpulizia, umeyaachia magari yaamue. Fito ndefu na boya la kurusha viwe vimetundikwa ukingoni, visifungiwe stoo.

Wawakilishi wa wadi za Nyali na Kisauni mnaosoma safu hii, mswada wa daftari la mabwawa hauhitaji zaidi ya kurasa chache, na mfano wake upo tayari kwa wenzetu. Leteni, tuuchambue hadharani. Na wewe mwenye bwawa, usingoje mswada. Jioni hii toka kwa mlango wa jikoni, tembea mpaka kwenye maji, na kama hukufungua lango lolote njiani, kesho mwite fundi wa vyuma.